Baba Yangu, Mkazi wa Tokyo

Mwalimu wetu hapa Riyadh ni Mzungu aliyerogwa na Japani, hadi kimono anavaa. Ili anipende, nilimdanganya kwamba baba, karani wa bandari ya Jeddah, aliwahi kuishi Tokyo. Basi shule ilipotaka kunifukuza kwa utundu, yeye peke yake akanitetea.

Jana baba alikuja kuniombea msamaha kwa mkuu wa shule. Mwalimu akapiga magoti, paji likagusa zulia, akamwamkia kwa Kijapani.

“Kaangusha nini huyu?” baba akaninong'oneza.

“Anakusalimia, baba. Iname na wewe.”

“Nimsujudie mtu? Umemwambia nini?”

Mwalimu akamuuliza Tokyo alikaa mtaa gani.

“Mimi Japani naijua kwa magari yanayoshuka bandarini tu,” baba akajibu.

Mwalimu akainuka, akamwambia mkuu kwamba hana tena la kunitetea.