Samaki Wasio na Vichwa

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chai ya bure huinusa kwanza. Kwa hiyo miaka ile ya Dubai, nilipokuwa mlinzi wa jengo la ofisi mtaa wa Oud Metha, Mhindi niliyelinda naye lango aliponisifia bwawa la kwao, nilimsikiliza kwa sikio moja. Bwawa la kuchimbwa na serikali, eti lina samaki wa kila namna: wenye sharubu, wenye mapezi mekundu, wembamba kama mkanda. Mimi ni mtoto wa ziwa. Nimekua nikiwasikia wazee wakiwalilia fulu wetu, samaki wadogo wa asili, waliomalizwa na mbuta, samaki mkubwa aliyeletwa ziwani.

Baba yake alikuwa mvuvi bwawani humo, na kila alipopiga simu alimwambia samaki wamejaa, arudi wavue pamoja. Jamaa alikwisha kuamua kuacha kazi mwisho wa mwezi.

Kisha mtu wa kijijini kwao akarudi kutoka likizo na mfuko wa samaki wakavu, zawadi ya mzee. Jamaa akanialika mchuzi. Kwetu mgeni hupewa kichwa, na alishaniambia kwao pia ni vivyo hivyo. Nikachungulia sufuria. Hakuna kichwa hata kimoja! Nikaudhika, nikajua amevificha avile peke yake.

"Bhai, ndugu yangu, vichwa viko wapi?"

"Vimekuja hivyo. Baba amevikata."

"Mvuvi gani huyo anayekata vichwa?"

Akakoroga mchuzi. Nikauvuta mfuko, nikawageuza waliobaki mmoja mmoja. Mgongoni miiba ileile, mkia uleule. Wote walikuwa ngege, hawa ambao Watanzania huwaita sato, samaki wa Afrika, si wa bwawa la kwao. Kichwa kingewataja mara moja, na mzee alilijua hilo. Nikamwambia jamaa bila kumung'unya maneno: baba yako anakuficha, wale samaki uliowaacha hawapo tena, ngege wamewamaliza.

Alipiga simu palepale jikoni, akaiweka sauti wazi. Lugha yao siijui. Nilimsikia mzee akijibu harakaharaka, kisha akilia. Niliumia moyo, nikaifunika sufuria.

"Anasemaje?" nikauliza alipokata simu.

"Anasema khalas, basi, wamebaki hao tu, tena haba." Akafuta mikono kwenye suruali. "Anasema nirudi hivyo hivyo."