Moyo wa Papa Kwenye Ekografia

Mwanangu, kuna jambo nimelikana miaka mingi, na leo nalikubali: siku nilipoonyeshwa moyo wa baba yangu ukishindwa kazi, kitu cha kwanza nilichoona ni uzuri. Wadogo zangu niliwaambia kwamba nilimuuliza daktari maswali ya maana. Uongo. Nilisimama kinywa wazi, na digrii yangu yote.

Papa, ndivyo tulivyomwita baba, alikuwa mfugaji wa ng'ombe kijijini Karuba, mtu wa kupanda kilima huku akiimba. Kisha miguu ikaanza kuvimba, na pumzi ikawa inamwishia kabla hajafika zizini. Kwetu ugonjwa wa namna hiyo una jina moja tu: karuho, sumu ya kuwekewa. Na wa kushukiwa hakutafutwa mbali. Shangazi, dada yake Papa, alikuwa amemletea kibuyu cha maziwa akasahau kuyaonja yeye kwanza, kama anavyopaswa kila anayetoa kinywaji. Alikuwa na haraka, ng'ombe wake alikuwa anazaa. Kaka zangu wakamkataza kukanyaga kwetu. Mimi nilisema tungoje ushahidi, neno zuri sana la watu waoga.

Tukampeleka Papa hospitali, mjini Goma. Daktari, binti mdogo, alipitisha kifaa cha ekografia kifuani mwake, na kwenye ekrani, kile kioo cha mashine, damu ikatokea ikiruka kwa rangi.

"Ona, Papa. Nyekundu njo damu inakuja huku. Bluu iko inaenda."

"Na hii yote iko ndani yangu?"

"Yote."

"Kumbe niko na televizyo yangu, na hakuna mutu aliniambia!"

Binti alicheka, kisha akapima damu kwenye mlango inamotoka moyoni, akaacha kucheka. Ukuta wa moyo ulikuwa mnene. Mimi nilidhani ni nguvu. Alitueleza kwamba huenda ni amiloidosi: protini zilizojikunja vibaya hujazana katika nyama ya moyo mpaka ikakakamaa, na kila pigo likatoa damu kidogo tu. Uchache huo, alisema, husaidia kukadiria muda wa kuishi uliobaki. Muda wa Papa haukuwa mrefu. Majibu ya vipimo vingine yalipokuja, yalithibitisha. Hakuna mtu aliyemwekea kitu. Mwili wake wenyewe ndio uliokuwa ukitengeneza kile kilichomuua polepole.

Basi nasaha yangu ni hii. Hofu ikikushika, usianze kutafuta wa kulaumu. Omba kwanza kuonyeshwa. Na ukiambiwa muda ni mfupi, usiumalize kwa kununa. Mungu akupe macho ya kushangaa hata mbele ya linalokuumiza, mwanangu, na akuachie ndugu wa kukaa nao.

Papa hakungoja nasaha ya mtu. Siku ya majibu, palepale kwenye benchi la hospitali, aliomba simu yangu akampigia dada yake.

"Dada, njo mimi, kaka yako. Niliona moyo yangu. Iko na rangi, we! Kesho ukuje kwetu. Nitakuelezea yote mbele ya hawa batoto, basikie."