Gagulo Ndani ya Kioo cha Saa

Shemeji yangu anaoka mikate. Mikono yake mipana kama sinia imezoea kukanda unga, na ndiyo hiyo aliyoamua kupigia picha za saa kwa karibu, karibu kabisa, mpaka mshale wa sekunde uonekane kama mwiko. Mwenye duka la saa mtaani kwao alimwahidi kwamba akileta picha nzuri, ataondoa kalenda iliyochakaa ukutani atundike yake. Basi bwana hakulala vizuri tena.

Akaniita mimi, kaka wa mkewe, nimshauri. Alijua anamwita nani. Shule niliishia la sita, lakini hilo la sita nililisoma mara mbili.

Mezani akaweka saa aliyopewa na mdogo wangu siku ya harusi yao. Simu akaiegemeza kwenye makopo ya maziwa, mbele ya kamera akabandika lenzi ya miwani ya kusomea. Akazima feni, akanikataza hata kukohoa. Picha ya kwanza ilitoa punje ya vumbi kubwa kama kiazi. Ya pili, taa imewaka katikati ya kioo, saa yenyewe haionekani.

"Taa kali hiyo," nikamwambia. "Ifunike kwa kitambaa cheupe, chepesi."

"Kitambaa gani, shemeji?"

"Nyumba yako, unaniuliza mimi?"

Akaingia chumbani, akarudi na gagulo la mkewe, lenye lasi ya maua, lile la kuvalia chini ya gauni la sherehe. Akaifunika taa nalo, nami nikamwacha. Ushauri nao una mipaka. Mwanga ukatulia. Alipokuwa anapiga ya mwisho, iliyo safi kuliko zote, tukasikia harufu. Taa ilikuwa imelitoboa gagulo.

Jioni mdogo wangu alipouliza, mumewe akajibu, "Labda pasi, mama watoto. Siku hizi inaunguza sana." Akaamini, maskini, akaitukana pasi wee, na pasi haina mdomo.

Yangeishia hapo kama shemeji angejua kukaa kimya. Lakini mwenye picha nzuri ni kama mwenye meno mapya, lazima acheke. Kesho yake, mimi nipo hapo nakunywa chai yao, akampa mkewe simu.

"Hebu ikuze, uone namba zilivyotoka."

Mdogo wangu akakuza. Akakuza tena. Ndani ya kioo cha saa yalikuwa yametanda maua ya lasi, na katikati yake tundu.

"Baba watoto, saa hii nilikupa mimi?"

"Wewe."

"Na maua haya?"

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama dari. Dari nzuri sana ile.

"Basi niifute," akasema kwa sauti ndogo, mkono ukiifuata simu.

Mdogo wangu akaificha mgongoni. "Hufuti kitu. Itundikwe. Ila Jumamosi nina sherehe, nalitaka gagulo langu, na mshonaji ni wewe."

Akalishona, lenzi ileile ya miwani imebanwa jichoni. Kiraka kimevimba kama mkate uliozidi hamira. Picha nayo ipo ukutani dukani, na mdogo wangu kila akipita huingia kuwaambia wateja kwamba maua ni yake.

Mwanga, lakini, ni wangu.