Kinatosha Nani?

Nadège hakuwahi kuvumilia harufu ya chakula kilichochacha. Tangu utoto, sufuria ya maharagi ikifunuliwa asubuhi ikiwa na povu juu, yeye alikuwa ameshatoka nje, anatema mate kando ya mgomba. Dada yake Joyeuse alimtungia jina la Mama Kinyaa, na jina likamganda mpaka Butembo alikokwenda kusomea informatique. Watu hudhani mtu husomea kompyuta kwa kuipenda. Nadège alipenda kitu kisichonuka, basi.

Kwa hiyo shirika moja la Butembo lilipotafuta mtu wa kutengeneza programu ya simu ya kupunguza chakula kinachotupwa majumbani, alijiona kama ameitwa kwa jina. Alikuwa ameona mengi ya kumchefua: samaki wa Kyavinyonge wakioza sokoni kila barabara ikifungwa, kabichi za Kayna zikimwagwa mtaroni mpaka zinageuka ute mweusi, na watoto wanauruka wakienda shule. Programu yake aliiita Sufuria. Ilikuwa rahisi. Unaandika nyumba ina watu wangapi, inakuambia upime unga na maharagi kiasi gani, kisha inakuuliza kilichotupwa. Kama hakuna, simu inaonyesha kijani. Kama kipo, nyekundu.

Mkubwa wake, Ézéchiel, alitaka maandishi yote yawe ya Kiswahili cha vitabu.

"Hapana hii Swahili yetu ya mu soko," alisema. "Ba bailleurs, ba benye kutupa feza, batatucheka."

Nadège akaandika alivyoagizwa, ingawa kila neno lilikuwa kama kiatu cha mtu mwingine.

Na huyo Ézéchiel, tumseme hapa hapa yaishe. Siku ya semina juu ya chakula kinachopotea, alipakua nusu ya kuku, akang'ata paja mara moja, akalisukuma kando ya sahani na kuchomekea kijiti cha meno juu yake. Semina ilipokwisha, akina mama walioalikwa walifungua mikoba yao wakatoa sachet za plastiki, wabebe kilichobaki, kama afanyavyo mtu yeyote mwenye akili akitoka karamuni. Ézéchiel aliwazuia. Alisema kuna watu wanapiga picha, itakuwa aibu. Kuku, wali na sombe ya majani ya muhogo vikamwagwa pamoja ndani ya pipa la plastiki, na mayonezi juu yake. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa, wanasema wazee, lakini huyu njaa alikuwa ameiandikia hadi mradi. Nadège alikwenda chooni akanawa uso, na bado ladha ya kinyaa ilibaki nyuma ya ulimi.

Majaribio yalifanywa Beni, katika nyumba chache za mtaa wa Beu, na moja ilikuwa ya mama yake, Mama Florentine. Baada ya muda mfupi nyumba nyingine zote zilikuwa kijani. Ya Mama Florentine ilikuwa nyekundu kila siku.

Nadège alijua sababu. Kaka yao Kambere alikwenda kwenye shamba la kakao, ng'ambo ya mji, msimu uliopita wa kuvuna, na hakurudi. Hakuna aliyemwona, hakuna maiti, hakuna simu. Kila jioni mama yao alipakua sahani ya Kambere kabla ya sahani ya mtu mwingine yeyote, akaifunika kwa sahani nyingine, akaiweka kwenye meza ndogo karibu na dirisha. Hapo ilikaa mpaka alasiri ya kesho yake, ndipo imwagwe, na jioni iwekwe mpya.

"Sahani ya mutu mwenye iko mu njia," mama alisema, "mwingine hapashwe kuikula."

Si watoto wa Joyeuse, si nguruwe wa jirani. Na joto la Beni halingojei mtu. Kufika saa sita mchana maharagi yalikuwa yamechachuka, samaki amelegea na kutoa maji, na nzi wanatafuta mwanya kati ya sahani mbili. Nadège akija nyumbani kutoka Butembo, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuimwaga. Alimpenda kaka yake na aliichukia sahani yake, na yote mawili yalikaa ndani ya tumbo moja.

Ndipo Ézéchiel akampigia Nadège simu, siku moja alipokuwa kwao Beu.

"Nadège, hii famille moja inatuchafulia courbe yote, ule mustari wa mu rapport. Ni ya nani?"

"Ni kwetu."

"Bako batu bangapi?"

"Batano. Mama anaandikaka sita."

"Mais donc, weka tano! Ni erreur, makosa tu."

Mama alikuwa sokoni, simu yake ameiacha ikichajiwa. Nadège aliichukua, akafuta sita, akaandika tano. Ukweli usemwe: hakufanya kwa kumwogopa Ézéchiel peke yake. Alitaka harufu ile itoke ndani ya nyumba. Aliwaza kwamba mama, akipima chakula cha watu watano, ataona hakuna cha kupakua kando, na mambo yatajimaliza polepole bila mtu kusema neno.

Jioni Mama Florentine alirudi, akavaa miwani, akafungua simu kabla ya kupika, maana alipenda kusikia sauti yake mwenyewe ikisoma.

"Watu watano," alisoma. "Chakula hiki kinatosha."

Alisoma tena. Kisha akakaa kwenye kibao chake.

"Kinatosha nani?"

Kule pwani, chakula kikitosha, watu wanashiba. Beni, kutosha ni kuondoa: unatosha viatu mlangoni, unatosha jino bovu, unatosha mutu mu kazi. Nadège alilijua hilo tangu ananyonya, na bado alikuwa ameliandika kwa mkono wake.

"Mama, ile ni Swahili ya vitabu. Maana yake chakula inaenea batu bote."

"Tulikuwa sita," alisema mama. "Sasa tuko tano. Kinatosha nani?"

Joyeuse, aliyekuwa akichagua maharagi, aliacha. 

"Balikuambia nini kule Butembo?" Sauti ya mama ilishuka. "Ulisikia habari ya Kambere, ukashindwa kuniambia na kinywa, ukaiweka mu telefone?"

Mikono yake ilikuwa imeshafika kichwani, inafungua kitambaa, kama mwanamke anayejiandaa kwa kilio. Nadège aliona nywele za mama yake, nyeupe zote sasa. Kichefuchefu kilimpanda mpaka kooni, na safari hii hakukuwa na sahani ya kulaumiwa. Alijichukia.

"Hapana, Mama. Hakuna habari. Ni miye nilibadilisha. Nilichoka harufu."

"Harufu."

"Ndiyo, Mama."

Mama Florentine alimnyooshea simu.

"Rudisha."

Nadège akarudisha sita. Papo hapo kioo kikawa chekundu na maneno ya jana yakajitokeza: Sehemu moja imepotea. Alitaka kuyafunika kwa kidole gumba. Mama alikisogeza kidole, akasoma neno kwa neno, kisha akaanza kufunga kitambaa chake upya.

"Hiyo iko kweli," alisema. "Alipotea. Kupotea haiko kufa."

Akainuka, akapika kwa watu sita, akaanza na sahani ya Kambere.

Kesho yake alasiri Ézéchiel alipiga tena. Nadège alikuwa nyuma ya nyumba, ameishika sahani ile, maharagi yanatoa povu na kumtiririkia hadi kwenye kiganja.

"Ile courbe, ulipanga?"

"Familia iko batu sita."

"Basi tutaitosha mu rapport."

"Mutoshe," alisema Nadège.

Alikata simu, akamwaga kilichobaki, akatapika kidogo kando ya shimo, akarudi kuisugua sahani kwa majivu ili iwe tayari jioni.