Sahani ya Vitumbua na Rupia Tano

Mume wangu aliporudi kazini na kuniambia ameongezwa rupia tano, nilimrukia shingoni mlango uko wazi, majirani wakitazama. Sikujali. Alikuwa karani wa bohari hapa Maskati, mimi nikishona kofia za duka moja la Matrah, na kwa kazi zetu mbili bado mshahara ulikuwa hauuoni mwisho wa mwezi.

Kilichotusitiri kilikuwa wakfu. Marehemu tajiri mmoja aliacha mali ili pato lake linunue mchele na maziwa ya kopo kwa wazazi wanaofanya kazi na kipato hakiwatoshi. Kila mwezi nikipata kikapu cha mchele na makopo manne. Makopo hayo ndiyo yaliyomlea binti yetu, kwani maziwa yangu yalikatika tangu tulipohama Unguja. Majina yalikuwa kwenye daftari la wakili wa wakfu, mtu wa haki mpaka anaudhi.

Sasa sikia ujinga wangu. Kwetu furaha hailiwi peke yako. Nikapika vitumbua, nikawagawia majirani, na vile vilivyoumuka vizuri nikavipanga kwenye sahani yangu ya maua ya buluu, nikampelekea nani? Mke wa wakili! Naye mtu wa Unguja, kanizidi umri, nikimpenda.

"Mume wangu kaongezwa mshahara, bibi," nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe. "N'mekuja kukuonjesha."

Mwisho wa mwezi nilipokwenda na kikapu, wakili aliniambia kwa upole kwamba sasa tumevuka kiwango cha kipato kilichowekwa na wakfu. Jina letu limefutwa, nafasi kapewa mwingine. Rupia tano zile hazikununua hata nusu ya tulichopoteza.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alisikia habari hiyo akavaa kanzu yake safi.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa tajiri wangu, mwenye bohari. Nnakwenda kumwomba anipunguzie mshahara."

"Kaa chini, bwana wee! Watu watasema umerukwa na akili."

Akakaa, akampakata mtoto, asijue aweke wapi uso wake. Nilicheka huku nalia. Siku ile nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Ijumaa alasiri nikasikia hodi. Mke wa wakili, kashika sahani yangu kwa mikono miwili, kaifunika kitambaa. Ndani mchele, na juu yake kopo la maziwa.

"Bibi, wakili atasemaje?"

"Daftari lake, mwanangu. Sahani yetu mimi na wewe. Tangu lini sahani ya mtu ikarudishwa tupu?" Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini na wewe usin'rejeshee tupu. Itakuwa sadaka."

Basi ikawa hivyo kila wiki. Nikipeleka vitumbua vitatu, ndimu mbili, mara moja kofia ya wakili mwenyewe, na sahani ikirudi na mchele na kopo lake. Wakili aliivaa kofia ile msikitini na hakuuliza kitu.

Wiki moja sikuwa na chochote, hata ndimu. Nikaenda kwa bibi hivyo hivyo, sahani mkono mmoja, mtoto mkono wa pili. Nikamwekea binti yangu mapajani.

Akamfinya mashavu, yamenona, yamejaa maziwa ya makopo yake. Kisha akaipokea sahani ile tupu, akaitazama.

"Leo ndo umeijaza," akasema.