Ugonjwa wa Muhogo Uliotoka Buyenzi

Nilimwambia shefu wangu wa kazi malaria imenilaza, kumbe niko Buyenzi kwenye harusi ya dada yangu. Nikarudi ofisini mikono mfukoni.

Kazi yetu ni kupiga picha mihogo iliyokatwa, inayoletwa na wakulima kutoka mashambani mwao. Kompyuta inatafuta rangi ya kahawia na kusema uozo umefika wapi. Mjinga mimi, nikawa nashika kipande kwa mkono mmoja, napiga picha kwa mwingine.

Jibu likatoka: shamba zima limeoza, ling'olewe! Mwenye shamba akashika kichwa. Shefu hakuamini, akazikuza picha ukutani mbele ya wote.

Muhogo mweupe pee. Kompyuta ilikuwa imezungushia duara jekundu vidole vyangu, hina imekolea.

“Zaina,” akauliza, “ni malaria gani inapaka mutu hina?”