Vibao vya Avril

Avril Sugden wa mjini Keighley hakuwa mjinga, na anayesema alikuwa mjinga aje aniambie mimi. Alipikia watoto wa shule mpaka akastaafu, na hakuna mfanyabiashara aliyewahi kumpunja hata kiazi. Sheria ya namba za magari tu ndiyo ambayo hakuijua.

Mumewe, Cedric, alikuwa dereva wa basi, mtu mkimya ambaye kumwambia mke nakupenda kulimshinda. Alipostaafu alichukua kiinua mgongo chake akanunua namba ya gari ambayo, ukiikazia macho, inasomeka Avril. Majirani walicheka mpaka basi: gari bovu lile, namba ya tajiri! Cedric hakujali. Kila Jumapili aliliosha gari, kisha akaja kumwita mkewe dirishani atoke alione.

Cedric akafa majira ya baridi, gari likabaki limeegeshwa nje. Akaja Neville Crabtree, aliyekuwa akicheza naye mchezo wa kuviringisha tufe klabuni na aliyebeba jeneza lake, akasema gari litaoza pale, heri amuuzie yeye. Avril akakubali kwa sharti moja: namba ibaki nyumbani. Neville akasema hilo halina taabu. Akachukua bisibisi, akafungua vibao vyote viwili kwa mkono wake, akampa mjane.

“Hivi ni vyako, Bi Avril. Vitunze.”

Avril akatia saini karatasi za mauzo, gari likaondoka juu ya tela. Vibao akavitundika sebuleni, akalia hadi akaridhika.

Masikini, hakujua. Kibao ni plastiki tu. Namba yenyewe ni haki iliyoandikishwa, na usipoiomba itolewe kwenye gari kabla ya kuuza, inakwenda na gari. Neville aliijua sheria hiyo vizuri, mlaanifu yule. Aliihamishia namba kwenye gari lake jipya, la Cedric akalipeleka likapondwe chuma chakavu.

Avril aliiona mbele ya bucha, kwenye gari jeusi lenye tangazo dirishani kwamba namba inauzwa. Akasimama hapohapo mpaka Neville akatoka na soseji zake.

“Neville, hilo ni jina langu.”

“Lilikuwa, Bi Avril. Saini uliitia mwenyewe.”

“Ulimbeba Cedric kaburini wewe.”

“Nilimbeba, tena kwa heshima zote. Hii ni biashara.”

Akapanda gari akaenda zake. Avril akapiga simu ofisi ya serikali. Binti aliyepokea alimsikiliza kwa upole, akampa na pole ya msiba, kisha akamwambia yaleyale: namba imekwenda na gari, kisheria. Wakili naye alimuuliza kama kuna shahidi aliyesikia ahadi ya Neville. Shahidi hakuwepo. Walikuwa wawili tu pale uani, na mmoja ni mwongo.

Hasira zikampanda. Asubuhi moja alivitungua vibao sebuleni, akavifunga kwenye kigari chake cha betri cha kwendea sokoni, akakipanda, akashika njia ya makaburini. Alitaka Cedric aje aone kwamba bado anavyo. Nani angemzuia? Vilinunuliwa kwa ajili yake.

Hakufika. Polisi walimsimamisha kabla ya kilima cha makaburini, maana mashine yao ya kusoma namba iliona namba ya gari jeusi ikitembea juu ya kigari chekundu. Askari alikuwa kijana mwenye adabu. Alimweleza kwamba namba ile ni ya gari la mtu mwingine, kwamba kuitumia ni kosa, na kwamba itabidi avichukue vibao. Avril hakubishana. Alisimama kando ya barabara na maua ya Cedric mkononi, akimtazama akilegeza skrubu moja baada ya nyingine.

Askari akavibana kwapani, akatoa kalamu.

“Jina lako nani, mama?”

“Umelibana hapo kwapani.”

Askari hakuelewa. Akamwomba alitaje polepole, ili asilikosee kuliandika.